Masizi ya Jiko la Kanja

Jumanne ya tarehe kumi na nane Machi, saa nne asubuhi, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Muchangi alifika kwa jirani yake, bibi mzee Cucu Ciakuthii, pale kijijini Kanja, na kikapu cha maparachichi mkononi. Akakuta gari la ofisi ya utamaduni langoni, na ukuta wa lile jiko la zamani umesuguliwa mpaka mbao zimekuwa nyeupe.

Ndani ya jiko hilo, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, Mwaniki mwana wa Cucu alijifunza gita. Baadaye watu wa nchi za mbali walijaza viwanja kumsikiliza akipiga roki, lakini alianzia hapo, juu ya kigoda, kando ya mafiga. Baba yake alikuwa shemasi na hakutaka kelele hizo kwenye nyumba kubwa. Gita la kwanza lilikuwa mtungi wa mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Kila akimaliza wimbo bila kukosea, Mwaniki alipitisha kidole kwenye masizi ya ukuta, akaacha mstari. Muchangi, rika lake, alikuwa akisikia yote kutoka upande wa pili wa ua akichuma kahawa. Mistari ilifika mia nne na kumi na miwili. Mwaniki akaenda zake, Cucu akajengewa jiko lingine, na hilo la zamani likabaki la kuweka kuni, na mistari ndani. Hata Mwaniki alipofia huko ugenini, mistari ilikuwapo.

Sasa haikuwapo.

Kiende, mpenzi wake aliyekuja na gari hilo, alikuwa amesimama mlangoni, gauni la kijani, faili kwapani, macho mekundu.

"Mmefanya nini?" Muchangi aliuliza.

Kiende alimtazama Cucu, aliyekuwa ameketi, mikono ameificha ndani ya leso. Kisha akatazama chini. "Pole, Baba Winfred."

"Pole ya nini? Nilikuonyesha ukuta huu kwa sababu nakupenda. Ukauandika kwa ofisi."

"Niliandika uachwe vile ulivyo."

"Na nani ameuosha? Malaika?"

Muchangi aliweka kikapu chini, akaenda nyumbani kwake, na jioni simu ilipolia aliiacha ilie.

Walikuwa wamekutana miezi minane kabla ya hapo, sokoni Gakoromone, kule Meru, asubuhi ya matope. Muchangi alikuwa ameshusha maparachichi yake. Kwenye kibanda cha kuchaji simu mtu akafungulia wimbo wa Mwaniki, na mama mmoja mwenye sweta ya rangi ya damu ya mzee na viatu vyeupe vilivyokwisha kuharibika, badala ya kuchagua matunda, akaanza kugonga kreti kwa vidole. Aligonga sawasawa, bila kupitwa hata mahali pamoja.

"Mama, hayo ni maparachichi. Si ngoma."

"Na wewe mbona huimbi? Uso wako unaonyesha unaujua."

"Mimi niliujua kabla haujawa wimbo."

"Wanaume wa Embu kwa kujisifu."

"Njoo Kanja nikuonyeshe ukuta alioandikia."

Kiende alicheka mpaka akaweka parachichi chini. "Nimeshaitwa kuonyeshwa shamba, nimeshaitwa kuonyeshwa ng'ombe. Ukuta, hii ni mara ya kwanza."

Alikuwa mtu wa Mitunguu, hajaolewa, umri umekwenda kidogo bila kumwondolea uzuri. Alikuwa akichapa barua kwenye ofisi moja ya mambo ya utamaduni, Embu mjini. Muchangi aliposikia neno ofisi alitaka kufunga kreti zake. Mke wake Rwamba alikufa kwenye benchi la hospitali, akingoja sahihi ya mkubwa aliyekuwa ameenda semina. Mkubwa alirudi Jumatatu, akasaini. Rwamba alikuwa amezikwa Jumamosi. Tangu hapo, kwa Muchangi, mtu mwenye muhuri alikuwa mtu wa kuepukwa.

Lakini huyu alikuwa na kile kicheko. Kila saa moja jioni akawa anapiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula githeri ya jana."

"Mtu mzima hivyo."

"Binti yangu Winfred alikuja juzi anipikie. Kwanza akataka kusugua jiko lote. Nikamwambia arudi Nairobi na sabuni yake."

Kiende akashusha sauti. "Ni masizi ya mama yake, sivyo?"

"Ni masizi tu."

"Sawa, mpenzi. Ni masizi tu."

Basi baada ya ile Jumanne simu ikawa inalia saa moja, na Muchangi anaitazama. Ililia siku tisa. Siku ya kumi haikulia, naye akakaa nayo mkononi mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa sita, siku ya kumkumbuka Mwaniki, mashabiki wakaja Kanja kama kila mwaka, kutoka Meru, Chuka na Embu, wamevaa fulana nyeusi, wengine na vitambi vyao. Walikaa kwenye nyasi za Cucu, kila mmoja na lake. Mwalimu Kiunga akasimulia vile Cucu alivyokuwa akigonga sufuria mara tatu kwa mwiko kumwambia mwanawe chakula kiko tayari, na vile Mwaniki alivyouweka mdundo huohuo wa mara tatu kwenye wimbo uliompa jina.

"Nilikuwa nagonga kwa hasira," Cucu akasema. "Chakula kilikuwa kinapoa."

Wakacheka. Kisha mmoja akauliza habari ya ukuta, na Muchangi akasimama. Alikuwa amelingoja swali hilo tangu Machi.

"Hawa wakubwa wetu," alianza, "hawajui kitu, na kitu wasichokijua wanakiosha. Wametuma watu wao hapa—"

"Muchangi, kaa chini," Cucu akamkatiza. "Ni mimi."

Alikaa.

"Barua ilikuja na muhuri. Ikasema wageni watakuja kuona jiko, mahali paandaliwe. Nani anaingiza wageni kwenye masizi? Nilisugua siku mbili, kwa majivu na waya. Yule msichana wa ofisi alifika nimemaliza, mikono inatoka damu. Alilia. Halafu akaniambia nisimwambie mtu, watu wa Mwaniki wasije wakanikasirikia."

Mwalimu Kiunga akavua kofia. "Cucu, ulifanya vizuri. Wageni ni wageni." Na wote wakasema hivyo, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye mama yake hangefanya vilevile.

Kesho yake, Jumapili, Muchangi alivaa koti la kanisani, akanunua sukari na majani ya chai, akashuka Mitunguu, nyumbani kwao Kiende. Alimkuta Kiende kwenye migomba ya mama yake, gambuti miguuni, leso kiunoni, akielekeza maji ya mfereji kwa jembe.

"Simu yako iliharibika?" Kiende aliuliza bila kugeuka.

"Ni mwenye simu aliyeharibika."

"Fundi akasema nini?"

"Amesema ni ujinga. Cucu ametuambia yote." Alisogea, viatu vikaingia majini. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nimsengenye mama wa watu juu ya jiko lake mwenyewe?"

"Ungeniambia kwa siri."

"Wewe? Siri ingekufia langoni."

Muchangi alikubali kwa kichwa. Halafu donge lake likamrudia. "Lakini barua ilitoka kwenu. Andaeni mahali. Hiyo ni barua ya kumwandikia mzee?"

"Na mimi ndiye niliyeichapa," Kiende akasema polepole. "Niliongeza mstari, ukuta usiguswe. Mkubwa akaukata, akasema barua ni ndefu. Ningeshuka Kanja nimwambie Cucu kwa mdomo. Sikushuka. Hilo ni langu."

"Huyo mkubwa nitamlaumu mpaka nizikwe."

"Mlaumu. Mimi niache."

"Nimeshakuacha. Yaani, kwa lawama." Alitazama ule mfuko wa sukari kama ameupata njiani. "Hii ni ya mama yako. Nimekuja kuongea naye. Nataka uje Kanja, Kiende. Uje ukae."

Kiende aliziba mfereji kwa jembe. Alinawa mikono kwa maji yaliyobaki, taratibu, kidole kwa kidole, na alipoinuka hakuwa akicheka, ingawa uso ulikuwa mlaini.

"Mama yupo ndani, nenda umsalimie," alisema. "Lakini niambie kwanza, mpenzi. Lile jiko lako lina masizi ya Rwamba. Siku nikiingia humo kupika, nisugue, ama niache?"