Koti Lililopasuliwa Mgongoni

Mtaani kwetu kuna mama fundi cherehani, mkali wa vipimo na mkali wa maneno. Haya yalimkuta yeye. Alimweleza mdogo wake mara moja tu, na mdogo wake ndiye aliyenisimulia mimi.

Mwanawe wa pekee aliishi ng'ambo miaka kumi na moja, na kila mwaka aliahidi kumtumia tiketi aje watembee pamoja mashambani. Kisha baba mtu akafariki, na kijana hakuja kuzika. Makaratasi yake hayakuwa sawa, alieleza, lakini mama hakutaka kuelewa. Kwa miaka miwili walisalimiana kwenye simu kama wapangaji wa nyumba moja. Tiketi ilipofika, moyo ulimlainika. Alipanda ndege akiwa na neno moja tu la kumpelekea: nimekusamehe.

Alimkuta uwanja wa ndege mchana, amesimama kando ya watu, amevaa suti nyeusi.

"Umekonda, baba."

"Tutembee kwanza, mama. Nyumbani tutafika jioni."

Alifurahi, tusidanganyane. Gari dogo jeupe lilipita katikati ya mashamba ya ngano, na kijana akamwonyesha kila kitu, bwawa lile, mnara ule wa maji, kwa haraka ya mtu anayeogopa kusahau. Kwenye kimgahawa cha njiani mama aliagiza chai mbili. Mhudumu akaleta kikombe kimoja na kijiko kimoja.

Walipanda kilima kidogo kutazama bonde. Kijana alitangulia, na hapo mama akauona mgongo wake. Koti lilikuwa limepasuliwa kutoka ukosini hadi chini, likashikizwa kwa bandi nne kubwa, mishono ya muda tu.

"Fundi gani kakufanyia hivi? Au mkeo alishona huku mmenuniana?"

Kijana alicheka bila sauti. Mama akamkalisha juu ya jiwe, akachomoa sindano na uzi alivyovificha ndani ya upindo wa gauni, akaanza kushona kutoka juu. Mgongo ulikuwa baridi. Ni hewa ya huku, alijiambia. Mara sindano ikateleza, ikamwingia kijana kwenye nyama. Mama aliisikia ikizama. Kijana hakushtuka. Damu haikutoka.

"Mama," alinong'ona. "Lile la msiba wa baba. Bado unalo moyoni?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini alitaka kulitoa kwa heshima yake, mezani, mkwewe akisikia. Na, Mungu amsamehe, alitaka kijana ateseke kidogo akilingoja.

"Tutaongea nyumbani, tukishakula."

"Nyumbani sitaweza."

"Utaweza."

Kijana akainuka. Mshono ulikuwa umefika kiunoni tu, na sindano ikabaki inaning'inia. Akarudi garini, akaendesha moja kwa moja hadi nyumbani.

Mlangoni alimwambia atangulie, yeye anaegesha gari. Mama akaingia. Sebuleni viti vilikuwa vimesogezwa ukutani na watu wamekaa sakafuni. Mkwewe aliinuka, macho mekundu.

"Mama, tumekutafuta uwanja mzima. Nani kakuleta?"

"Mumeo. Anaegesha gari."

Mkwewe aliketi tena, taratibu.

"Gari liko polisi, mama. Tangu ajali ya Jumanne. Yeye yuko hospitali, chumba cha maiti."

Walikuwa wamekubaliana kwa simu na mdogo wa mama, yule yule aliyemsindikiza hadi uwanja wa ndege akijilazimisha kutabasamu, kwamba asiambiwe kitu. Asije akaupokea msiba peke yake angani, katikati ya wageni. Walimwonea huruma. Angejua, lile neno asingeliacha lisubiri chakula.

Asubuhi walimpeleka kumwona. Aliinama akamwambia lile neno sikioni. Akangoja. Akarudia, kwa sauti zaidi. Masikio yalikuwa yamezibwa pamba. Mama alilia.

Mhudumu wa chumba kile alikuwa akimgeuza marehemu amweke sawa ndani ya jeneza, akasimama ghafla.

"Nani ameshona hili koti? Nililipasua mwenyewe jana asubuhi ili niweze kumvisha. Nikapiga bandi nne tu. Na ufunguo wa chumba ninao mimi peke yangu."

Mama alisogea, akapitisha kidole. Kutoka ukosini hadi kiunoni ulikuwa mkono wake, hilo halikuhitaji macho. Kutoka kiunoni kwenda chini ulikuwa mkono mwingine. Mishono mikubwa, iliyopinda, kama ile ya mwanawe alipokuwa darasa la pili, akikaa chini ya cherehani likizo nzima akijifunza kwa mama yake. Mshonaji alijitahidi sana. Mwisho wa uzi alifunga fundo mara tatu, jinsi alivyofundishwa.