Namba Iliyoshonwa Ndani ya Koti

Fundi cherehani huyu hakuamini kitu mpaka akivute mara tatu. Zipu mpya aliivuta mara tatu. Uzi aliuvuta mara tatu. Mteja akimwambia, "Sijanenepa, tumia vipimo vya mwaka jana," yeye alitabasamu, akachukua futi, akapima. Mara nyingi shaka yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililozidi kumharibu.

Kazi aliifanyia nyumbani, chumba cha mbele. Cherehani ilikaa dirishani na meza ya kukatia ilikaa katikati. Kwenye rafu karibu na mlango ilikuwepo simu ya mezani, yenye waya uliojisokota. Simu ya mkononi hakuwa nayo. "Kitu cha kukaa mfukoni mwangu halafu kinajua niliko? Sikitaki," alisema.

Namba ya simu ile ya mezani aliidarizi kwenye vitambaa vidogo vyeupe. Kila nguo iliyotoka mikononi mwake ilishonewa kitambaa kimoja ndani, chini ya ukosi. Nguo ikihitaji kupunguzwa, mteja anaigeuza, anasoma namba, anapiga.

Mojawapo ya nguo hizo ilikuwa koti la kijivu la mdogo wake wa kiume. Mdogo wake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mfuko wa ndani aliuweka upande wa kulia, ili mkono wa kushoto uufikie bila shida.

Miaka kumi na moja iliyopita, siku chache baada ya kumzika mama yao, pete ya mama ilipotea. Fundi alimgeukia mdogo wake mbele ya watu. "Wewe ndiye uliyeichukua," alisema. Mdogo wake alivaa koti lake, akaondoka. Mwezi mmoja baadaye fundi aliikuta pete kwenye kopo la vifungo. Alikuwa ameiweka yeye mwenyewe siku ya msiba, akasahau.

Alilia mpaka macho yakavimba. Lakini mdogo wake alikuwa ameshahama, na hakuna aliyejua aliko. Fundi alijua jambo moja tu: koti lina namba. Simu ikilia, moyo wake ulitangulia kufika kabla ya mkono.

Sasa lilizuka jambo jingine. Binti yake, muuguzi katika nchi ya mbali, alikuwa na mimba ya kwanza. Alikuwa na maswali mengi ya kumwuliza mama yake. Lakini kupiga simu ng'ambo kwa simu ya mezani kulikuwa ghali mno, kwa hiyo waliongea kwa kukimbizana.

"Mama, miguu yangu imevim..."

"Iweke juu ya mto! Unakula? Haya, simu inakula pesa, kwaheri!"

Simu ya kisasa ilikuwepo moja, ya mume wa fundi, mwokaji mikate. Nayo ilikwenda naye kazini asubuhi na mapema. Binti akipata nafasi, baba yuko kwenye tanuri.

Jumatano moja mume alirudi na mgeni aliyebeba mkoba unaong'aa.

"Mama nanii," alisema mume kwa furaha, "huyu bwana ni wakala wa kampuni ya simu za intaneti. Tutaongea na mtoto mpaka tuchoke."

Fundi alimtazama wakala kuanzia viatu mpaka nywele. Mshono wa begani kwenye koti lake ulikuwa umeanza kufumuka. Aliliweka hilo moyoni.

"Ni bure, mama," alisema wakala. "Kupiga ni bure kabisa. Weka sahihi hapa tu."

"Bure? Na wewe unakula nini?"

Mume alikohoa. Wakala alicheka. "Kuna ada ndogo ya mwezi. Maelezo yote yako kwenye fomu."

"Na namba yangu?"

"Utapata mpya, mama. Nzuri, rahisi kukumbuka."

Fundi aliichukua fomu, akaikunja, akaisukuma chini ya cherehani. "Nitaisoma. Kwaheri, kaka."

"Ofa inaisha leo, mama."

"Basi iishe. Mlango huo hapo."

Mume alinuna jioni nzima. "Wewe utamshuku hata malaika akija na barua," alisema.

"Akija na fomu ya kusaini leo leo, nitamshuku," alijibu fundi.

Kesho yake fundi alikwenda nyumba ya jirani. Pale aliishi mama mmoja mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Haloo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipokea simu zote za hospitali na kuziunganisha wodini. Mpaka leo alijibu kila kitu kwa kusema "haloo", hata akibishiwa hodi.

"Haloo! Karibu, shoga yangu."

Fundi alimpa fomu. Mama Haloo alivaa miwani, akasoma ukurasa wa mbele, kisha akaugeuza wa nyuma, wenye herufi ndogo kama chawa.

"Kwanza uelewe yenyewe ni nini," alisema. "Simu yako ya sasa, sauti inapita kwenye waya wa simu. Simu ya intaneti, sauti inapita njia ile ile inayomletea mumeo mpira kwenye runinga. Unachomeka kisanduku kidogo kati ya simu yako na intaneti. Unapiga kama kawaida."

"Kwa hiyo si utapeli?"

"Huduma yenyewe si utapeli. Wengi wanaitumia, na kweli ni nafuu. Ila kampuni hazilingani. Tazama hapa. 'Bure' ni kwa anayempigia mteja wa kampuni hii hii. Binti yako ni mteja wao?"

"Hata hawajui!"

"Basi kwake si bure. Na hapa wanasema kisanduku unakikodi kila mwezi. Na ukitoka kabla ya miaka miwili, unalipa faini."

Fundi alipiga paja. "Nilijua! Nilijua mimi!"

"Hukujua, mwenzangu. Ulishuku tu," alisema Mama Haloo. "Shaka bila kuuliza haikusaidii kitu. Unabaki nayo tumboni kama gesi. Uliza, kisha pima. Si ndivyo unavyofanya na zipu?"

Fundi alimkazia macho. "Na wewe mbona unazijua sana hizi habari? Hizi kampuni zinakulipa?"

Mama Haloo alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Wangenilipa ningekuwa nakaa kwenye nyumba inayovuja? Haya, tupige simu kwa hao wenye fomu, tuwaulize habari ya namba."

Walipiga. Muziki ulicheza. Waliambiwa wasubiri. Mama Haloo alichemsha maji, wakanywa chai, wakamaliza, muziki bado unacheza.

"Hapa ndipo ninapoipima kampuni," alisema Mama Haloo, akakata simu. "Kama hawapokei tunapotaka kununua, watapokea tukiwa na shida?"

Siku iliyofuata walipiga kwa kampuni nyingine mbili. Kwa ya pili kati ya hizo, simu ilipokelewa haraka na mwanamke mwenye sauti ya upole. Fundi alishika simu mwenyewe. Alikuwa ameandika maswali yake kwenye karatasi ya kuchorea ruwaza za nguo.

"Dakika moja kwenda nchi aliko binti yangu ni kiasi gani? Akiwa na simu ya mkononi je? Kuna ada gani nyingine? Nikitaka kuacha, nalipa?"

Mwanamke alijibu moja baada ya jingine. Hakukuwa na faini. Kulikuwa na mwezi wa majaribio, kwa namba ya muda.

"Na namba yangu ya zamani," aliuliza fundi, sauti ikimshuka, "itapotea?"

"Hapana, mama. Ukiridhika, tunaihamishia kwetu. Inachukua siku kama kumi. Ila tafadhali, usikate laini ya zamani mpaka tukuambie. Ukiikata mapema, namba inaondoka mikononi mwako, na mtu mwingine anaweza kupewa."

"Niandikie hayo yote kwenye barua," alisema fundi.

Barua ilikuja, na kisanduku kikaja. Siku ya kwanza sauti ya binti ilisikika kama mtu aliye ndani ya pipa. Fundi alikuwa tayari kukirudisha. Mama Haloo, aliyekuja kukichomeka, aliuliza, "Mumeo yuko wapi?" Mume alikuwa chumbani, anatazama mpira. Alipozima, sauti ikawa safi.

"Intaneti yenu ni ndogo," alieleza Mama Haloo. "Haiwezi kubeba mpira na mazungumzo kwa pamoja."

"Mume wangu, chagua," alisema fundi. Mume alichagua mjukuu, lakini kwa kuvuta pumzi ndefu.

Wiki ya pili umeme ulikatika, na simu ikafa kimya. Fundi aliruka. "Unaona!"

"Hilo ndilo nililotaka ulione kabla hujahama," alisema Mama Haloo. "Simu hii haina uhai bila umeme na intaneti. Ukipata dharura, mgonjwa au moto, utapiga kwa kutumia nini? Lazima uwe na simu ya mkononi, hata ile ndogo ya vitufe. Na iwe na chaji."

Fundi alibisha siku mbili. Siku ya tatu alinunua simu ndogo ya vitufe, akaishonea mfuko wa kitambaa wenye vifungo viwili. Mume alikuwa na akili ya kutouliza.

Mwezi ulipoisha, fundi aliomba namba yake ihamishwe. Akaanza kuhesabu siku.

Siku ya nne mume aliingia anapiga mluzi, unga bado uko kwenye nyusi. Mwokaji huyu alikuwa na tabia moja: hakuweza kusubiri. Kazini alisifiwa kwa kutoa mikate kabla haijaungua, basi akadhani dunia nzima ni tanuri.

"Mama nanii, nimekurahisishia kazi," alisema. "Nimepita ofisi ya simu, nimejaza fomu ya kukata laini ya zamani. Ya nini tulipie mbili?"

Mkasi ulimponyoka fundi mkononi.

"Umefanya nini? Baba nanii, umefanya nini? Namba ile ndiyo anayoijua mdogo wangu! Hana nyingine!"

Hapo mume alikumbuka koti. Alikaa chini pale pale. "Sikufikiri," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe. Sikufikiri."

Fundi hakuvaa hata viatu vya kutokea. Alimpitia Mama Haloo, wakakimbia na malapa mpaka ofisi ya simu. Karani alikuwa anafunga droo.

"Fomu ya leo, ya kukata laini! Imeshafanyiwa kazi?"

Karani alipekua trei. "Za leo bado. Zingeingia kesho asubuhi."

"Ichane," alisema fundi, akihema. "Ichane nikiona."

Karani aliichana. Fundi alitaka kuondoka, lakini Mama Haloo alimshika kiwiko. "Kwa maandishi," alinong'ona. Hawakutoka mpaka karani alipoandika kwamba ombi limefutwa, akapiga na mhuri.

Siku ya kumi na moja kampuni mpya ilitoa taarifa. Namba ilikuwa imehama salama. Hapo ndipo laini ya zamani ilipokufa yenyewe, na simu ya mezani ikaendelea kukaa kwenye rafu ile ile. Sasa binti alimaliza sentensi zake. Aliuliza habari za miguu, za usingizi, za hofu yake, na mama yake alijibu taratibu, huku akishona pindo za nepi.

Alasiri moja simu ililia. Fundi aliipokea akidhani ni binti. Ilikuwa sauti ya msichana mdogo asiyemjua.

"Haloo? Wewe ni nani?"

Damu ya fundi ilichemka. "Wewe ndiye unayepiga, wewe ndiye useme! Nani amekutuma? Mnauza nini?"

Mkono wa fundi ulikuwa umeshashuka nusu, kuelekea kukata. Kisha akakumbuka: uliza, kisha pima. Aliirudisha simu sikioni.

"Namba hii umeipata wapi?" aliuliza, safari hii kwa upole.

"Iko kwenye koti la baba. Limechanika begani. Hapa ndani kuna kitambaa cheupe kina namba."

Fundi alishika ukingo wa rafu. Makoti aliyoyashona yalikuwa mamia. "Ni la rangi gani?"

"Kijivu."

Ya kijivu yalikuwa mengi. "Tazama mfuko wa ndani, mwanangu. Uko upande gani?"

Alisikia nguo ikigeuzwa. "Uko kulia. Mama anasema fundi alikosea."

"Hakukosea," alisema fundi, na machozi yakaanza kumtoka. "Baba yako ni mtu wa kushoto. Yuko wapi?"

"Yuko hapa mlangoni. Alisema namba hii lazima imeshakufa, nisihangaike."

"Mwambie haijafa. Mwambie pete ilikuwa kwenye kopo la vifungo. Niliiweka mimi mwenyewe. Mwambie shangazi yako ndiye aliyekosea, mbele ya watu wote, na anaomba msamaha."

Msichana alirudia maneno yote, moja moja, kwa mtu aliyekuwa mlangoni. Fundi alitazama kisanduku: taa zake zilikuwa zinawaka. Umeme ulikuwepo. Laini ilikuwa nzima. Akangoja.

"Dada," ilisema sauti nzito, yenye kukwaruza. "Koti limechanika. Utanishonea?"

"Lilete," alisema fundi, na hakuuliza swali jingine lolote.