Mwenyeji wa Magofuni

Mzee Kashaija aliitikia salamu ambayo binti yake hakuisikia.

Ilikuwa asubuhi ya Julai, msimu wa baridi, na ukungu ulikuwa umefunika malisho yote ya upande wa Kimuli. Restuta alikuwa amekuja kumchukua baba yake akaishi naye Kiruruma, maana mama alizikwa baada ya Pasaka na mzee alibaki peke yake. Mzee alikubali kuhama, ila aliomba kwanza watembee kando ya magofu, pale alipochunga ng'ombe ujanani. Magofu yenyewe yalikuwa tuta la udongo na mawe, mabaki ya ua wa mtawala wa kale ambaye hata jina lake lilikwisha kusahaulika.

"Unamwitikia nani, Tata?" aliuliza Restuta.

"Huyo aliyetusalimu. Umekuwa kiziwi huko Kiruruma?"

"Hakuna mtu hapa."

"Basi ni ng'ombe kanisalimu," alisema mzee, na wote wawili wakacheka.

Kicheko cha Restuta kilikatika alipopata harufu ya samli na ya moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, mahali ambapo hapakuwa na zizi wala moto. Alipogeuka, alimwona baba yake amesimama mbele ya pengo kwenye tuta. Alikuwa amevua kofia na kuinamisha kichwa, mikono yote miwili ameikinga kama mtu anayepokea kitu. Kisha akatia kitu kinywani, na Restuta akasikia kinavunjika kati ya meno.

"Tata, umekula nini?"

"Kahawa ya kutafuna. Imekaushwa vizuri kuliko ya marehemu mama yako, Mungu anisamehe."

"Nani kakupa?"

"Mwenye nyumba. Sasa ningeikataa? Nimewalea ninyi kwa adabu, halafu mimi niikose?"

Maisha yake yote Kashaija hakuwahi kuikataa kahawa ya mwenyeji. Nyumba zote za huko humpa mgeni kahawa ya kutafuna, na kuikataa ni kumtukana aliyeitoa. Wazee wa zamani walisema pia kwamba waliotafuna kahawa pamoja wamekuwa ndugu, na nyumba ya mmoja ni ya mwingine.

Restuta alimshika mkono wakaanza kurudi, naye alishangaa kuona mkono ule una joto kama wa mtu aliyetoka kuota moto, na tuta ambalo walipokuja lilikuwa fupi likaendelea kando yao bila kuisha, na nyuma ya tuta, kila walipopiga hatua, kulisikika kwato nyingi zikitembea polepole sambamba nao, na baba yake akaimba chini chini wimbo wa kusifu ng'ombe wenye majina ambayo Restuta hakuwahi kuyasikia.

Walipofika nyumbani, mzee hakuingia. Alisimama mlangoni mwa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Hodi," alisema.

"Tata, ingia."

Aliingia, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango kama mgeni. Restuta alimpa ndizi na maharage, hakuvigusa. Mzee alitazama paa, akatazama picha ya harusi ukutani.

"Nyumba nzuri. Ya nani?"

"Yako, Tata," alijibu Restuta huku akilia. "Ni yako."

"Asante," alisema mzee, na uso wake ukafurahi kama wa mtu aliyepewa zawadi.

Restuta alikimbia kumwita jirani, Mama Placidia, aliyejua dawa za miti na pia aliyeongoza sala za jumuiya. Alikuja na majani yake, akayafukiza, akamzunguka mzee kimya. Kisha akamvuta Restuta pembeni.

"Shika neno langu, mwanangu," alinong'ona. "Aliyemo humu ndani ya baba yako ni mgeni. Mgeni hatoki mpaka aruhusiwe na wa nyumbani. Mruhusu kwa sauti, kisha funga mlango upesi."

"Na Tata?"

"Tata wako atabaki. Huyu ndiye atakayetoka."

Restuta aliufungua mlango wazi.

"Mgeni wetu, tumekuruhusu. Nenda salama."

Kitu kilimpita ubavuni, chepesi, cha baridi. Mzee akaanguka kifudifudi kwenye mkeka. Restuta akaufunga mlango na kusukuma komeo, akamkumbatia Mama Placidia, wakamshukuru Mungu pamoja.

Ndipo waliposikia kiganja kinapapasa ubao wa mlango kwa nje.

"Restuta." Ilikuwa sauti ya baba yake, yenye mshangao. "Mwanangu, mbona umenitoa? Restuta, hawa watu wananivuta."

Mama Placidia alijiziba mdomo kwa kanga. Restuta alilirukia komeo, akalivuta, likakwama, likakwama tena, na sauti ile ikawa inasogea mbali, ikipita migombani, ikiita jina lake, ikipungua, mpaka kwato zikaifunika. Komeo lilipotoka na mlango kufunguka, nje palikuwa na ukungu tu.

Nyuma yake kiti kililia. Mzee alikuwa ameinuka mkekani, na sasa ameketi kwenye kiti cha Kashaija, miguu ameinyoosha.

"Funga mlango, mwanangu," alisema kwa upole. "Baridi inaingia kwangu."