Barakoa Kwenye Pipa la Soda

Jioni hiyo Msasa alikuwa akikusanya makaa chini ya pipa la soda kali, ile ya magadi ya kubandulia rangi ya vyuma. Kazi ya kila siku. Ukiuacha moto uzime soda inapoa, na soda iliyopoa haitoi rangi. Inailambalamba tu kama mbwa aliyeshiba.

Yeye ndiye aliyekuwa mtoa rangi katika karakana waliyoachiwa na marehemu baba yao. Watu walimletea vyuma vya injini, mifuniko na puli, vimegandamwa na rangi ya zamani na grisi iliyogeuka lami. Vya chuma alivichemsha kwenye soda. Vya aluminiamu hakuthubutu, maana soda huvila mpaka vikatoboka. Hivyo alivipaka dawa, akangoja rangi ivimbe, akaikwangua taratibu. Mikono yake ilikauka na kupasuka kwa kazi hiyo. Ndipo wateja wakamwita Msasa. Ni utani tu, lakini uliuma.

Mdogo wake walimwita Kioo. Huyo ndiye aliyepiga rangi mpya. Kompresa ikinguruma, bunduki ya rangi ikivuma fsss... fsss... chuma kilitoka kinang'aa mpaka unajiona. "Kioo, mkono wako una baraka," wateja walisema. Hakuna aliyewahi kuuliza ni nani aliyekivua chuma kile matambara yake kwanza.

Hayo Msasa aliyazoea. Lililomshinda ni la fundi wa jenereta.

Fundi huyo alikuwa mtu mpole, aliyefiwa na mke. Mwaka mzima alikuwa akija kukaa kwenye benchi kando ya pipa na kupiga soga na Msasa. Msasa akaanza kupaka mikono yake mafuta kila usiku. Kisha wiki hiyo fundi akaja na shangazi yake, wakaingia chumbani kwa mama. Walikuja kumposa Kioo.

Msasa aliwapongeza. Hata alicheka. Halafu akarudi kwenye pipa, na mama alipomuuliza kuhusu macho yake, akasema ni moshi.

Sasa moshi ulikuwa umekwisha, na giza lilikuwa linaingia.

"Hodi..."

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni mwa ua. Begani alibeba mfuniko wa injini kubwa, wa chuma kizito, ule wa kubebwa na wanaume wawili. Hakuwa anahema.

"Tumeshafunga, mama."

"Soda yako bado inachemka."

Akauweka mfuniko chini. Haukutoa mlio wowote. Ulikuwa na rangi juu ya rangi, kijani, chini yake buluu, chini yake nyekundu, zimebanduka pembeni kama kurasa za kitabu kilicholowa.

"Niitoe mpaka wapi?" Msasa aliuliza.

"Mpaka chini kabisa." Mwanamke akainama karibu. Alinuka kama chumba kilichofungwa miaka. "Na wewe... nani kakufunika?"

Macho ya Msasa yalijibu. Yalikwenda yenyewe kwa Kioo, aliyekuwa akiosha bunduki ya rangi hatua tano tu kutoka pale, akiimba kwa sauti ya chini.

"Tia humo kitu chenye pumzi yake," mwanamke alinong'ona. "Pamoja na chuma changu."

"Atakufa?"

"Hafi mtu. Atatoka tu machoni mwa watu."

"Dada," Kioo aliita bila kugeuka, "unaongea na nani?"

Msasa aligeukia sauti ile. Aliporudisha macho mlangoni, hapakuwa na mtu. Ila mfuniko ulikuwepo.

Huenda asingefanya lolote. Alijiambia hivyo baadaye, mara nyingi. Lakini Kioo alikuja akijifuta mikono, akamkumbatia kwa nyuma, akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Dada, fundi anasema nikiolewa hutabaki peke yako. Utakuja kukaa nasi. Utakuwa unatutolea rangi."

Utakuwa unatutolea rangi.

Kioo alipoingia ndani, Msasa aliutumbukiza mfuniko kwenye pipa kwa mnyororo. Ulikuwa mwepesi kama sufuria tupu. Kisha akaenda kwenye msumari ukutani, akaitungua barakoa ya kitambaa ambayo Kioo huivaa akipiga rangi. Ndani ilikuwa bado na unyevunyevu wa pumzi.

Akaitia.

Povu lilipanda mpaka ukingoni. Likaja na harufu. Haikuwa ya rangi, wala ya soda. Ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto mchanga.

Msasa aliijua harufu ile. Alikuwa na miaka tisa Kioo alipozaliwa, na ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajifunza kutembea. Alishika koleo ili aiopoe barakoa. Koleo likafika juu ya povu...

Likakaa hapo.

Akalirudisha mahali pake.

Asubuhi aliingia mteja. Kioo alimwamkia. Mteja akampita, akamwendea Msasa. "Yule mpiga rangi wenu wa zamani," alisema, akikuna kichwa, "alikuwa... nani vile?"

Kesho yake akaja fundi wa jenereta. Kioo alikuwa kwenye benchi, akamsogelea akitabasamu. Fundi akaketi, kidogo amkalie mapajani. Akaanza soga na Msasa kana kwamba hajawahi kumposa mtu yeyote.

"Dada, wamekasirika nini?" Kioo aliuliza. Midomo ilikuwa imemkauka.

Msasa alikwenda kwa mama, aliyekuwa akikunja nguo kitandani.

"Mama, umezaa watoto wangapi?"

Mama alimwangalia kama anayetaniwa. "Nimekuzaa wewe tu. Una homa?"

Kioo alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia.

Hakulia. Alitoka, akakaa chini nyuma ya kompresa, akakunja magoti. Huko hata Msasa alilazimika kukaza macho ili amwone.

Jioni hiyo Msasa aliliinamisha pipa, soda yote ikamwagika mferejini. Mfuniko ulitoka kijivu, mtupu, hauna hata doa. Barakoa ilitoka nyeupe kama haijawahi kuvaliwa. Alichukua bunduki ya rangi na kujaribu kuupaka mfuniko upya, nyekundu, buluu, kijani. Rangi iliteleza ikadondoka chini kama maji kwenye jani la mgomba. Akapaka mara kumi. Akapaka mpaka kopo likaisha. Siku tatu alimngoja yule mwanamke mlangoni ampigie magoti.

Siku ya nne Kioo ndiye aliyemwambia.

"Amekuja yule mwenye mfuniko. Alikaa nami hapa nyuma."

"Wapi? Mbona sijamwona?"

"Anasema wewe huna haja naye tena." Kioo alisema kwa sauti ndogo, kama anayeongea akiwa chini ya blanketi. "Anasema nitazoea. Anasema hata yeye alikuwa na dada."

Miezi miwili ikapita. Fundi wa jenereta akarudi na shangazi yake, na safari hii alimposa Msasa. Mama alifurahi mpaka akashindwa kusema. Msasa alikataa, na hakuweza kueleza sababu.

Karakana haikufa. Msasa alitoa rangi mchana, na jioni alivipanga vyuma mbele ya kompresa, akaenda zake ndani. Asubuhi alivikuta vimepakwa, vinang'aa kuliko zamani. Wateja wakaongezeka. Wakamsifu yeye.

Siku moja fundi alikuja kuchukua mfuniko wa jenereta. Aliugeuza mwangani, akajiona ndani yake, akatikisa kichwa.

"Mkono wako una baraka," alisema. "Nani alikufundisha kupaka rangi hivi?"

Msasa aliitazama mikono yake.

"Mdogo wangu."

"Aa." Fundi alitabasamu kwa adabu. "Sikujua kama una mdogo."

Nyuma ya fundi, kompresa ilizimika. Kioo alikuwa amesimama pale, mwembamba kama mvuke. Hakuwa akimtazama fundi. Alimtazama dada yake, akaanzia usoni, akashuka mpaka mikononi, akapanda tena. Polepole. Bila kupepesa.

Msasa aliyatambua macho yale. Ni yale yale aliyomtazama nayo Kioo jioni ile, kando ya pipa.