Ukuta Usio na Alama

Beseni la maji lilikuwa bado limesimama. Hicho ndicho kitu alichokiona kwanza, kabla akili haijakubali kwamba gari halipo. Beseni la bluu, limejaa nguo za kuloweka, liko palepale alipoliacha, kati ya ukuta wa chumba cha baba na magurudumu ya nyuma ya gari. Sasa magurudumu hayakuwapo. Yalibaki madoa ya oili.

Msichana alilitazama, akalisukuma kando kwa mguu, akanyamaza. Mtaa mzima ulimwita Kimya.

Inspekta alifika kabla jua halijazama, akiwa na konstebo wake. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole, na kila alipotaka kuuliza swali zito alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya shati. Geti lilikuwa wazi. Kufuli lilikuwa chini, limekatwa kwa msumeno.

"Gari la namna gani?" aliuliza.

"La zamani," Kimya alisema. "La porini. Lilikuwa la baba."

"Linatembea?"

Kimya alitazama vidole vyake, vyeusi kwa grisi. "Kidogo."

"Kidogo ndiyo nini?"

Dada yake alimwokoa kama kawaida. "Afande, gari hilo lilikuwa kiota cha kuku! Baba alipopooza, mdogo wangu akasema atalifufua. Sote tulimcheka. Hakuwahi kushika spana maishani mwake. Leo linanguruma! Jumatatu lilikuwa likakaguliwe. Likipita, wapimaji wa ardhi wanamwajiri awapeleke milimani. Wanataka dereva mwenye gari lake. Bila gari, basi tena."

Akamkumbatia mdogo wake. "Aliyefanya hivi asione raha. Popote alipo, asione raha."

Kimya akalia begani mwake. Dada akamfuta machozi kwa kiganja.

Inspekta alikuwa amechuchumaa getini. Chini, kwenye vumbi, kulikuwa na unga wa chuma unaometameta. Aliangalia upande wa barabarani. Hapakuwa na kitu. Unga wote ulikuwa umeangukia upande wa uani.

"Konstebo, chukua sampuli," alisema. Kisha akamgeukia Kimya. "Ulikuwa wapi?"

"Mjini. Kutafuta boliti."

"Na wewe, dada?"

"Bombani, kwenye foleni ya maji. Baba alikuwa amelala."

"Kuna mtu aliyelitamani gari hili?"

Dada alijibu haraka. "Mzee wa vyuma chakavu. Kila akipita, analigongagonga bodi kama mtu anayechagua tikiti maji."

Asubuhi yake mzee wa vyuma chakavu alipokewa na swali kabla hajajibu salamu.

"Umelichukua gari la Kimya?"

"Mimi?" Mzee alicheka, akaonyesha mapengo. "Inspekta, mimi nilitaka kulinunua kwa kilo. Sina nguvu za kuliiba kwa kilo."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa kwenye mizani. Waulize wateja, wananidai mabishano mpaka leo. Lakini gari lenyewe nililisikia."

"Ulilisikia?"

"Lilipita njia ya nyuma, kuelekea machimbo ya kokoto yaliyofungwa. Linalia kwenye gia moja, weee, kama mbuzi aliyekanyagwa! Na mwendo wa konokono. Nikasema moyoni, kama huyu ni mwizi, basi hana haraka na dunia."

"Dereva ulimwona?"

"Nilikuwa ndani ya banda. Masikio yangu hayana macho."

Wateja walithibitisha kwamba mzee hakubanduka kwenye mizani. Inspekta akamchukua Kimya, wakaenda machimboni.

Gari lilikuwa nyuma ya lundo la kokoto, limefunikwa matawi mabichi. Kimya alilikimbilia, akapapasa bodi kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Betri ilikuwapo. Sanduku la spana lilikuwapo. Hata redio mbovu ilikuwapo.

"Mwizi gani huyu?" konstebo alishangaa. "Ameiba gari akaliweka akiba?"

"Liendeshe tuondoke," Inspekta alisema.

Pua ya gari ilielekea njiani. Nyuma yake, hatua chache, kulikuwa na shimo refu la machimbo. Konstebo alipanda, akawasha, akatia gia, akaachia klachi. Gari likaruka kinyumenyume. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kokoto zikaporomoka shimoni.

"Afande! Limerogwa!"

"Umetia gia gani?"

"Ya kwanza! Naapa, ya kwanza!"

"Jaribu tena."

"Afande, mimi nina watoto."

Kimya alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Alisema kati ya vidole, "Tia rivasi."

Konstebo alimtazama kama anayesikia kichaa kikianza. Akatia rivasi. Gari likaenda mbele taratibu, likilia, mpaka njiani.

"Nieleze," Inspekta alisema.

Alieleza polepole, macho chini. Alitaka kuliinua gari ili lipite juu ya mawe ya milimani. Springi zilikaa chini ya difu, ule mtambo unaozungusha magurudumu ya nyuma. Akazihamisha juu yake. Lakini vikalio vya springi, pale zinapofungwa, vilikuwa upande wa chini, na hakujua kuchomelea. Basi akaipindua difu nzima, juu ikawa chini. Zikakaa vizuri sana.

"Sikujua kwamba ukiipindua, magurudumu nayo yanazunguka kinyume," alisema.

Konstebo alishika tumbo. "Kwa hiyo gari lako lina gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele!"

"Ndiyo hizo boliti nilizokwenda kutafuta. Ili niipindue tena kabla ya Jumatatu."

Inspekta hakucheka. Alikuwa anapangusa miwani.

"Pale uani, pua ya gari ilielekea wapi?"

"Getini."

"Na nyuma?"

"Ukuta wa chumba cha baba."

"Karibu?"

"Karibu sana. Hata mtu hapiti vizuri."

"Mtu asiyelijua gari hili angetia gia ya kwanza, kama konstebo. Angegonga ukuta. Mimi niliuangalia ukuta ule. Hauna hata mkwaruzo."

"Na beseni," Kimya alisema, kisha akauma mdomo.

"Beseni gani?"

Kimya aligeukia gari.

"Kulikuwa na kitu nyuma ya gari, na hakikuguswa. Ulikiona jana. Ukanyamaza."

Machozi yalianza kumtoka bila sauti.

"Binti, nani mwingine anajua habari ya gia?"

"Nilimwapisha asimwambie mtu," alisema. "Siku tuliyojaribu gari, yeye alishika usukani, mimi nikawa chini nasikiliza. Liliporudi nyuma badala ya kwenda mbele, tulicheka mpaka tukakaa chini. Akaapa. Akasema hii ni siri yetu."

"Siri yenu wewe na nani?"

Kimya alitikisa kichwa. Jina halikutoka. Inspekta hakulihitaji tena.

Walimkuta dada akimlisha baba kwa kijiko. Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito, upande mmoja wa uso umelala.

"Limepatikana?" dada aliuliza, akisimama. "Jamani, ashukuriwe Mungu!"

"Limepatikana," Inspekta alisema. "Kaa. Jana bombani ulichota ndoo ngapi?"

"Mbili."

"Ziko wapi?"

"Tumetumia."

"Fundi bomba wa mtaa anasema jana maji hayakutoka kutwa."

Kijiko kilibaki hewani.

"Kufuli lilikatwa na mtu aliyesimama uani. Unga wa chuma umeangukia ndani. Mwizi aliingiaje kabla hajakata kufuli?"

"Labda aliruka ukuta."

"Labda. Kisha akapanda gari asilolijua, na ili aende mbele, akatia rivasi. Mara ya kwanza tu. Bila kugusa beseni."

Dada hakumtazama Inspekta. Alimtazama mdogo wake.

"Umemwambia?"

"Gari ndilo lililomwambia," Kimya alisema.

Dada aliweka bakuli chini. Akamfuta baba kidevu kwa uangalifu, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sikuliuza," alisema. "Sikuvunja hata kioo. Nilitaka lipotee wiki moja tu, mpaka wapimaji wachukue mtu mwingine. Halafu lingepatikana."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Tazama chumba hiki, Inspekta! Nani anamgeuza baba? Sisi wawili. Nani anamnyanyua? Sisi wawili. Huyu akienda milimani, nabaki na nani? Nilimlea tangu mama alipofariki. Waliokuja kunichumbia niliwarudisha. Leo amepata magurudumu, anaondoka huku anaimba?"

"Ulinikumbatia," Kimya alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Jana. Ulimlaani mwizi, ukanifuta machozi."

"Nilijilaani mwenyewe."

"Mikono yako ilikuwa inanukia oili. Nilidhani ni yangu."

Baba alitoa sauti isiyo na maneno.

Inspekta alivaa miwani. "Kimya, mlalamikaji ni wewe. Ukitaka niendelee, nitamchukua sasa hivi. Ukitaka yaishe nyumbani, nafunga jalada."

"Mwambie, mdogo wangu," dada alisema haraka. "Gari si lipo? Wapimaji watarudi mwakani. Ilikuwa kazi tu. Mwenyewe ulisema, ni kazi tu."

Kimya alimtazama baba, kisha dirisha.

"Funga jalada, Inspekta."

Dada alishusha pumzi, akanyoosha mkono kumshika. Kimya aliurudisha wake nyuma.

"Haikuwa kazi, dada," alisema. "Nilisema ni kazi ili usiumie. Nilitaka kukuacha."