Mama Alisema Maji Si Moto

Ngozi ya mguu wa mama ilikuwa inaelea kwenye beseni... na mama mwenyewe alikuwa anapiga stori na kucheka.

Nilisimama mlangoni, hapa kwetu mtaa wa Jericho, begi likiwa bado begani.

"Aunty, toa mguu wa mama kwa hayo maji."

Aunty Wanza, dada yake mama, alikuwa ameinama akimkanda kwa kitambaa. Akaangalia chini. Kitambaa kikamponyoka.

"Umemchoma mamangu."

"Ndindi, nilimuuliza. Naapa nilimuuliza."

Wasomaji wangu, mama ana ugonjwa wa sukari, na sukari imekula neva za miguu yake. Ganzi tupu. Mimi nimesomea tiba ya viungo, nimehitimu juzi, kazi bado. Mama ndiye mgonjwa wangu wa kwanza. Kila asubuhi namkanda nyayo polepole kwa mafuta, kisha anashika kiti, anainua visigino, anashusha. Halafu namgusa kwa pamba.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia."

Mara kidole gumba, mara kisigino... nasikia, nasikia. Niliwaambia majirani wote kwamba neva zinarudi.

Aunty naye amekanda kila mzazi aliyetoka kujifungua katika ukoo wetu kwa maji ya moto, yale ya kumfanya mwanamke aume leso. Aliposikia dadake anapata nafuu, akaja kusaidia kwa njia anayoijua.

Hospitalini daktari alikiangalia kidonda.

"Hiki kikioza, tutakata mguu."

Nilimfuata aunty nje kwenye benchi.

"Wakikata huo mguu, usikanyage kwetu tena."

Alikuwa analia.

"Nilimwambia mamako, Nzembi, haya maji si ni moto? Akasema, si moto, ongeza. Nikaongeza. Akasema, ongeza tena."

Nilirudi ndani.

"Mama, kwa nini ulisema aongeze?"

Akageukia ukuta.

"Nilitaka nisikie kitu. Hata maumivu tu."

"Lakini ulikuwa unasikia. Ile pamba..."

"Nilikuwa naangalia mkono wako. Ukigusa, nasema nasikia."

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Ulikuwa unafurahi sana, Ndindi. Kazi umekosa, halafu na miguu yangu ikukatae? Nikaona, acha nisikie hata mara moja, nisiwe mwongo."

Aunty alikuwa ameingia nyuma yangu. Akapangusa pua.

"Huyu ni mwongo tangu utotoni. Alikuwa anakula sukari ya nyanya yetu, anasema ni sisimizi."

Mama akacheka. Mimi nikalia mpaka nesi akaja kuangalia.

Walikata vidole viwili. Mguu ukabaki.

Kidonda kilipopona, tulianza upya. Hisia hazijarudi, na huenda zisirudi. Lakini sasa mama anatembea mpaka sokoni bila kuyumba, na hiyo ni kazi ya mazoezi.

Kama unamuuguza mtu wa sukari, mwambie afunge macho unapompima. Maji yapime kwa kiwiko chako wewe, usimuulize yeye. Na asikuone ukisubiri jibu tamu, kwa sababu anayekupenda atakupa.

Leo asubuhi mama alisimama akiwa ameshika bega langu, macho amefunga.

"Unasikia sakafu?"

"Sakafu siisikii. Lakini bega lako linatetemeka. Tulia, mtoto, utaniangusha."