Taa ya Karakana ya Mbao

"Baba, zima taa."

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu jioni. Mkaguzi wa taa za nje alisimama mlangoni mwa chumba cha binti yake, giza totoro, hata kiganja chake hakukiona.

"Taa gani, mama?"

"Hii. Nikifumba macho ndiyo inazidi."

Usiku wa nne huo mtoto hajalala. Macho yamemvimba, chakula hakipiti kooni, na chumba kimeanza kunuka jiwe lililolowa. Mkaguzi aliijua harufu hiyo.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja aliyejitanda nguo nyeusi aliileta harufu hiyo ofisini kwake. Alilalamikia taa kubwa ya karakana ya mbao iliyomulika kwao, kwenye machimbo ya zamani ya mawe, usiku kucha. Sheria ilikuwa wazi: kila taa ya nje iwekewe kifuniko, imulike chini, izimwe saa nne usiku.

"Mwanangu halali," mwanamke alisema.

"Si ufunge pazia, bibi?" mkaguzi alimjibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Akaenda kuikagua taa hiyo saa saba mchana, imezimwa, kama alivyozoea kuzikagua zote. Akanywa soda ya mwenye karakana, akaandika, "Haina tatizo." Taa inakaguliwa juani, jamani, na mtu mzima anajiita mtaalamu!

Mwanamke alirudi mara moja tu. "Mwanangu amekufa," alisema, akatoka bila kuacha unyayo kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Asubuhi baada ya usiku ule wa nne, mganga aliletwa. Alinusa hewa, akagoma kuvuka kizingiti.

"Jini huyu simwezi, kwa sababu ana haki," alinong'ona. "Kafunike ile taa kwa mkono wako, leo. Na taa ikiwa bado inawaka, usimwombe kitu. Atakupa."

Mkaguzi alimpigia simu mwenye karakana. "Fundi atakuja kesho, mkubwa," akaambiwa, naye akaridhika. Kesho ndiyo lugha aliyoizoea kazini.

Usiku ule mtoto alipiga ukelele, na baba mtu akakimbia akijigonga ukutani, akapapasa gizani, akamkuta ameketi kitandani akijikwaruza kope kwa kucha, na harufu ya jiwe imejaa chumba kizima, na nyuma ya mlango kuna mtu anayebembeleza mtoto asiyelia, taratibu, taratibu, hata mkaguzi akasahau mganga, akasahau onyo, akapiga magoti na kulia, "Mrudishie mwanangu giza lake! Nakuomba!"

"Chukua," sauti ya kike ikajibu sikioni mwake.

Mtoto akalala papo hapo. Mkaguzi alimkumbatia mpaka kukakucha, akilia kwa furaha, akiapa kwamba leo angepanda ngazi mwenyewe kuifunika taa.

Jua lilipokwisha kuingia dirishani na kumwangaza usoni, binti alifumbua macho, akayapikicha, akapapasa mkono wa baba yake.

"Baba," aliuliza, "umeme bado haujarudi?"